Napata wastani wa 27,000 kwa siku, mbona nyumbani hazionekani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza, kijiwe changu kiko Buhongwa. Nina mke na watoto wawili. Pikipiki ninayoendesha ni ya tajiri. Nampelekea hesabu ya 8,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili hatudaiani, na mimi huwa sitoki, naenda kanisani na familia. Kikiharibika kitu kikubwa anatengeneza yeye, na siku ambayo chombo kimelala kwa fundi hanidai.

Nimechoka kutumikia mali ya mtu, nataka yangu. Zimejitokeza njia mbili. Ya kwanza ni mkataba. Kuna tajiri mwingine atanipa pikipiki mpya ambayo dukani inauzwa 2,900,000. Natanguliza 300,000, halafu namlipa 10,000 kila siku kwa mwaka mmoja, Jumapili ikiwemo, kisha inakuwa yangu. Amesema nikikosa siku tatu anachukua chombo chake. Ya pili ni mkopo wa 2,600,000 kutoka taasisi moja ya hapa mjini, riba asilimia 4 kwa mwezi, nao ni wa mwaka mmoja. Mimi nimeupenda mkopo. Asilimia 4 ya 2,600,000 ni 104,000 tu, kwa hiyo nitarudisha 2,704,000. Nimegawa kwa wiki 52 nikapata 52,000 kwa wiki, wakati mkataba ni 70,000 kwa wiki.

Tatizo liko nyumbani. Hiyo 300,000 ni ya mke wangu, imetoka kwenye kikoba chake na anaizungusha kwenye biashara ya dagaa. Hataki kuitoa. Anasema sina uwezo wa kulipa njia yoyote kati ya hizo mbili. Nikamwambia napata wastani wa 27,000 kwa siku, nikitoa 10,000 nabaki na 17,000, kwa mwezi ni 510,000. Akanicheka. Huwa ananiuliza kila jioni nimekusanya ngapi na anaandika kwenye daftari. Hizi ni za wiki mbili zilizopita, kabla ya kutoa chochote:

Jumatatu 22,000. Jumanne 19,000. Jumatano 21,000. Alhamisi 18,000. Ijumaa 26,000. Jumamosi 41,000. Jumapili sikutoka.
Jumatatu 20,000. Jumanne 9,000, mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumatano 23,000. Alhamisi chombo kilikuwa kwa fundi. Ijumaa 24,000. Jumamosi 77,000, nilikodiwa kwenda msibani Magu na kurudi. Jumapili sikutoka.

Katika wiki hizo mbili mafuta yalikula 84,000, chai na chakula cha kijiweni 33,000, na oili 12,000.

Mke wangu anasema siku ya kawaida mimi napata 20,000 na ushei, sipati 27,000. Tukampa binti yetu wa darasa la sita atuamulie, naye akaleta 21,428. Sasa kuna majibu matatu ndani ya nyumba moja. Nani yuko sahihi, na nichukue njia ipi?

Baba Wawili, Buhongwa

*

Marahaba, Baba Wawili.

Kwanza mpe hongera mkeo kwa daftari. Wanaoniandikia barua za namna hii wengi huniletea hisia, namba hakuna. Wewe umeleta siku kumi na nne zenye mvua, fundi na msiba ndani yake, na hapo ndipo pa kuanzia.

Jumla ya makusanyo yako ni 300,000. Wewe umeigawa kwa siku 11 ulizotoka barabarani, ukapata 27,272. Binti ameigawa kwa siku zote 14, akapata 21,428. Mkeo hakugawa kitu. Alitazama tu siku zenu zilivyo, na ukimpangia namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, yaani 0, 0, 0, 9,000, 18,000, 19,000, 20,000, 21,000, 22,000, 23,000, 24,000, 26,000, 41,000, 77,000, utakuta za katikati ni 20,000 na 21,000. Namba ya kati ni 20,500. Nusu ya siku zako ziko chini ya hapo na nusu ziko juu. Kwa hiyo "elfu ishirini na ushei" ya mkeo haikutoka hewani.

Hakuna aliyekosea kugawanya. Kila mmoja amejibu swali lake. Wewe umejibu: nikitoka, napata ngapi? Mkeo amejibu: siku ya kawaida ikoje? Binti amejibu: kila siku inayopita kwenye kalenda inaniletea ngapi? Sasa soma upya masharti ya mkataba uone linaulizwa lipi. Unadaiwa 10,000 kila siku, Jumapili ikiwemo, mvua ikiwemo, fundi akiwemo. Deni linahesabu siku 14, kwa hiyo mapato nayo lazima yahesabiwe kwa siku 14. Ulichofanya wewe ni kuchukua mapato ya siku za kazi ukayalinganisha na deni la siku zote. Shuleni kosa hilo lingekugharimu alama mbili. Kwenye mkataba linaweza kukugharimu pikipiki.

Tena hata hiyo 21,428 imebebwa mgongoni na Magu. Iondoe Jumamosi ile ya 77,000 uone: siku kumi zilizobaki ulizotoka zina 223,000, wastani wake ni 22,300. Safari moja imepandisha wastani wako wa siku za kazi kwa karibu 5,000. Sisemi uifute, fedha ni fedha. Nasema usiahidi fedha ya kila siku kwa kutegemea msiba wa mtu mwingine.

Tuje kwenye 17,000 yako. Ulipotoa 10,000 kwenye 27,000 ulisahau kwamba pikipiki inakunywa na wewe unakula. Mafuta, chakula na oili ni 129,000 kwa wiki mbili. Ukitoa kwenye 300,000 inabaki 171,000. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, iandike kwa kalamu nyekundu. Kwa hali ya sasa ulimpelekea tajiri 8,000 kwa siku 11, jumla 88,000. Ilibaki 83,000 kwa wiki mbili, chini kidogo ya 6,000 kwa siku. Ndiyo maana mkeo hazioni zile 27,000. Hazijafichwa popote, zimeishia sheli, kwa mama lishe na kwa tajiri.

Sasa ingiza mkataba. Siku 14 kwa 10,000 ni 140,000. Kutoka 171,000 inabaki 31,000. Hapo bado hujabadilisha cheni wala tairi, maana kwenye mkataba kila kitu ni juu yako. Utaniambia pikipiki mpya haisumbui. Miezi ya mwanzo, sawa. Lakini mwaka mzima barabarani hautapita bila tairi, breki, cheni na sproketi, na mwenye busara anaweka kidogo kidogo tangu mwanzo. Tuseme 15,000 kwa wiki. Inabaki 1,000. Shilingi elfu moja kwa wiki mbili, kwa nyumba ya watu wanne. Mkeo alikuwa na haki ya kucheka.

Itazame pia siku kwa siku. Kila siku unayotoka, kabla hujaipata shilingi ya kwanza ya nyumbani, unatakiwa uwe na 10,000 ya tajiri, 7,000 na ushei ya mafuta na 3,000 ya chakula, yaani si chini ya 20,000. Rudi kwenye daftari. Siku zilizovuka 20,000 ni saba kati ya kumi na nne. Jumatatu moja imegota pale pale. Sita ziko chini. Wastani peke yake usingekuonyesha hilo, kwa sababu kazi ya wastani ni kusawazisha vilima na mabonde, na wewe unalala kwenye mabonde.

Sasa mkopo, na hapa nisikilize vizuri. Ile asilimia 4 ni ya kila mwezi, na wewe umeihesabu mara moja. 104,000 mara miezi 12 ni 1,248,000. Utarudisha 3,848,000, na ukigawa kwa wiki 52 unapata 74,000 kwa wiki. Siyo 52,000. Ni zaidi ya mkataba unaouona ghali. Kwa wiki mbili ni 148,000, na ukitoa hiyo pamoja na matengenezo kwenye 171,000 yako, unakwenda chini ya sifuri kwa 7,000. Na hapo sijaweka ada ya fomu na bima ya mkopo, ambazo mara nyingi hukatwa kabla hujashika hela.

Kuna swali ambalo ni lazima umuulize afisa mikopo: riba inapigwa kwenye mkopo wote mwaka mzima, au kwenye salio linalobaki? Tofauti yake si ndogo. Ukirejesha mtaji kwa mafungu sawa kila mwezi na riba ikapigwa kwenye salio tu, mwezi wa kwanza unatozwa 104,000, lakini mwezi wa mwisho unadaiwa 216,667 tu, kwa hiyo riba yake haifiki 9,000. Jumla ya riba ya mwaka inakuwa 676,000. Ikipigwa kwenye mkopo wote ni 1,248,000, kana kwamba mwezi wa kumi na mbili bado unadaiwa 2,600,000 yote. Asilimia ni ile ile 4, na kati ya njia hizo mbili kuna 572,000. Mimi simwamini mtu anayenitajia asilimia peke yake. Mwambie akuandikie kwenye karatasi: mpaka namaliza, jumla nitakuwa nimetoa mkononi shilingi ngapi? Akianza kuzunguka, ondoka. Hakikisha pia taasisi yenyewe ina leseni. Kampuni zinazokopesha bila kupokea amana zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, hustawi sana kwa watu wasiouliza.

Kwa upande wa haki, yule tajiri wa mkataba si mnyang'anyi. Utamlipa 3,650,000 pamoja na 300,000 ya kutanguliza, jumla 3,950,000 kwa chombo cha 2,900,000. Ziada ni 1,050,000, kama asilimia 36 ya bei ya dukani. Ni ghali, ila ni nafuu kuliko ule mkopo ukipigiwa riba kwenye mkopo wote, maana 3,848,000 yake nayo inahitaji ile 300,000 kufikia bei ya dukani, jumla 4,148,000. Kinachonitisha kwenye mkataba wake ni ile sentensi ya siku tatu. Ni siku tatu mfululizo, au tatu kwa jumla? Kama ni mfululizo, unaweza kupumua. Kama ni kwa jumla, basi kwa daftari hili ungekuwa umepokonywa wiki ya pili inapoisha: Jumapili, Alhamisi ya fundi, Jumapili. Tatu. Na akichukua chombo mwezi wa tisa, zile ulizokwisha kulipa zinakwenda wapi? Hilo halimo kwenye barua yako, na nadhani ni kwa sababu halimo kwenye mkataba wenyewe. Muulize pia bima nani analipa, na kadi ya pikipiki itahama lini kuja kwa jina lako.

Kuna fumbo moja nataka mlifanye wote wawili mezani. Mkataba unawaacha na 1,000, hali ya sasa inawaacha na 83,000. Tofauti ni 82,000 kila wiki mbili. Kama kweli nyumba yenu inaweza kuishi kwa ile 1,000, basi mngeweza kubaki kwa tajiri wa sasa na kuweka akiba 82,000. Bei ya dukani ukitoa ile 300,000 ni 2,600,000. Gawanya kwa 82,000, unapata 31.7, tuseme vipindi 32 vya wiki mbili, yaani wiki 64. Ni wiki 12 tu zaidi ya mkataba, mnanunua taslimu chombo kipya ambacho hakijatembea hata kilomita, na ile ziada ya 1,050,000 haimwendei mtu. Siwaambii mfanye hivyo, kwa sababu hamwezi. Lakini kama hamwezi kuweka 82,000, hamwezi kuilipa pia. Kumlipa tajiri hakuongezi fedha mfukoni, kunaongeza tu woga, na woga haujazi tangi.

Usiniambie utatoka Jumapili. Najua wengi ndivyo wanavyomaliza mikataba yao, wengine kwa kumpa chombo deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku hiyo. Ukiamua hivyo ni shauri lako na familia, ila iandike kwenye daftari kwanza kwa mwezi mmoja, uone Jumapili ya Buhongwa inalipa ngapi, ndipo uiweke kwenye ahadi. Na deiwaka akianguka nacho, deni ni lako.

Basi ufanye nini? Mkopo ule achana nao. Mkataba ule usiusaini kwa masharti hayo. Zipo njia mbili ambazo hukuzitaja, na mimi ningeanza nazo.

Moja ni tajiri wako wa sasa. Unaijua pikipiki yake kuliko yeye, unajua inapougulia. Muulize akuuzie hiyo hiyo, kwa malipo ya kila wiki. Bei mtakubaliana wenyewe. Kwa mfano tu, tuseme 1,500,000. Kwa wiki mbili zile yeye alipokea 88,000 kutoka kwako, yaani 44,000 kwa wiki. Ukimpa 50,000 kwa wiki ameongezewa 6,000 na hana tena gharama ya fundi. Wiki 30 umemaliza, bila kutanguliza hata senti. Kwa wiki mbili inakuwa 171,000 toa 100,000 toa 30,000 ya matengenezo, inabaki 41,000. Ni maumivu, mmezoea 83,000, lakini ni miezi saba na si mwaka, na baada ya hapo nyumba inabaki na 141,000 kila wiki mbili. Mweleze hesabu hiyo kama nilivyokueleza. Tajiri anayefikiria kuuza chombo chakavu hukaa akasikiliza.

Umeona sijaigusa 300,000 ya mkeo? Ungeitanguliza, zile wiki 30 zingekuwa 24. Unaokoa wiki sita. Lakini 300,000 ile haijalala, inanunua dagaa, inauza, inarudi. Muulize kwa heshima inazaa ngapi kwa wiki. Zidisha kwa hizo wiki 24. Wiki sita unazookoa zinarudisha 300,000 ile ile bila nyongeza, kwa hiyo faida yoyote utakayoiona hapo ndiyo mngeipoteza, mwache na dagaa zake. Hata dagaa zisipozaa kitu, bado ni fedha yake na bado uamuzi ni wake, ila angalau mtakuwa mnazungumza juu ya namba moja.

Ya pili ni halmashauri. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa vijana mkopo ni wa kikundi, kwa hiyo huwezi kwenda peke yako, lakini kijiwe chenu tayari ni watu wa kutosha. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uliza masharti na muda. Angalia tu inavyobadilika: 2,600,000 ile ile bila riba, ikirejeshwa kwa wiki 52, ni 50,000 kamili kwa wiki. Siyo 74,000. Tatizo ni kwamba kikundi kinabeba mzigo wa kila mmoja, na wewe unajua nani kijiweni hupotea siku ya marejesho.

Kabla ya lolote kati ya hayo, ongezeni daftari. Wiki mbili ni chache mno kuamulia mwaka. Msiba wa Magu ungeangukia wiki ya tatu, barua yako ingekuwa na wastani mwingine kabisa. Andikeni wiki sita zaidi, ziwemo za mvua. Siku usiyotoka andika 0, usiache nafasi wazi, maana nafasi wazi ndiyo iliyokufanya ugawe kwa 11. Mafuta yawe na safu yake, chakula safu yake, fundi safu yake. Bei ya mafuta EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo safu hiyo itapanda na kushuka bila wewe kufanya lolote, ni vizuri muone inavyotikisa zile 171,000.

Wiki sita zikiisha, nenda kwa tajiri na daftari mkononi, si na maneno. Mwombe mkataba wa maandishi wenye vitu vinne: bei yote, malipo ya wiki, ukomo wa siku za kukosa na namna zinavyohesabiwa, na tarehe ya kubadilisha kadi. Wawepo mashahidi wawili, wa kwako mmoja na wa kwake mmoja, na kila upande ubaki na nakala yake.